Madawati Ishirini na Mawili ya Ambalafary

Ambalafary, Nosy Be, Madagaska
14 Februari 1980

Kwako baba yangu, Fundi Mikidache,

Kwezi, baba. Naitanguliza salamu hii ya heshima nikijua kwamba barua zangu mbili za kabla ya hii zimekaa kwako bila jibu. Si kitu. Mimi mzima, nakuombea nawe uwe mzima, na goti lako lisikusumbue na mvua za huko. Kaka Fazul ameniandikia kutoka Moroni kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike. Bila shaka habari unayo, ila naiandika ili barua yangu iwe na jambo la kukufurahisha kabla hujaikunja.

Ninakaa bado kwa Bi Moinaecha, yule mjane anayechuma maua ya mlangilangi. Nyumba nzima inanukia, hata chaki zangu zinanukia. Sasa hivi amechungulia begani mwangu, kaona herufi za Kiarabu, kavuta ushungi wake vizuri akidhani naandika dua. Nimemwambia hiki ni Kiswahili, lugha aliyorudi nayo babu kutoka Unguja alikojifunza useremala, na kwamba wewe hukupita shule ya Wafaransa, basi nyumbani kwetu tunaandikiana hivi. Amesema, "Haya, muandikie kwamba unakula vizuri." Ninakula vizuri.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumatatu, maana nisipomweleza mtu nitapasuka.

Watoto wangu arobaini na tatu walikuwa wakikaa chini, kwenye mikeka. Mwezi uliopita wazazi walikutana wakaamua watatengeneza mabenchi wenyewe. Kila nyumba ilileta ubao. Bi Echata hakuwa na ubao, akang'oa mlango wa jiko lake. Tangu siku ile kuku wa kijiji kizima wanakula kwake. Fundi akawa Mzee Houmadi, mchonga ngalawa wa kule chini Ambondrona, ambaye wajukuu zake wawili wanasoma kwangu. Ni fundi hodari, sikatai. Lakini maisha yake yote hajatengeneza kitu cha kukaa mahali pakavu. Mabenchi yake yana matumbo, baba! Chini ameyachonga mviringo, laini, kama tumbo la samaki. Watoto wakikaa, yanakwenda mbele na nyuma. Nikisema "someni," darasa zima linapiga makasia.

Jumatatu akaja mkaguzi, suruali nyeupe, viatu vinang'aa. Kabla sijamwambia "si hilo, bwana," ameshakaa. Benchi likaenda nyuma. Likarudi mbele. Akashika hewa. Likaenda nyuma tena, na safari hii halikurudi naye. Nilichokiona ni soli mbili zinaangalia makuti ya paa. Watoto walidhani ni sehemu ya ukaguzi, wakapiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi mwalimu wao, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Yeye hakucheka. Ameandika kwamba banda lisilo na pa kukaa haliwezi kuitwa shule. Atarudi mwishoni mwa Juni. Akikuta madawati ishirini na mawili imara, ya watoto wawili wawili, tutabaki. Asipoyakuta, shule itafungwa na watoto watagawanywa kwenye shule za mbali. Wale wa Nosy Sakatia wanavuka maji kila asubuhi kuja kwangu. Mbali zaidi ya hapa hawatakwenda.

Sikuombi kitu, baba. Nimekueleza tu.

Binti yako,
Hayrat


Mahajanga
9 Machi 1980

Mwanangu Hayrat,

Salamu yako nimeipokea. Mimi mzima. Goti zima. Jirani Zaïnabou anakusalimu; kila Ijumaa ananiletea achari ya maembe kwa nguvu. Kazi ni nyingi sana. Nina kabati la milango mitatu na vitanda viwili vya watu wa Amborovy wanaojenga nyumba mpya, kwa hiyo sina nafasi ya kuandika barua.

Ulipoondoka nilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kaka yako akishaondoka, binti haendi kumwacha baba yake na kuta. La pili, kwamba ukienda, usiniletee habari za huko. La kwanza sijalifuta. La pili umelivunja wewe, si mimi. Basi haya ninayoandika si majibu. Ni useremala.

Benchi lenye tumbo! Sentensi hiyo nimeisoma mara nne. Nilidhani mwandiko wako umeharibika. Nikamsomea Zaïnabou, naye akacheka vibaya hata achari ikamwagika. Mimi sikucheka. Mtu amechukua mbao za maskini, amechukua mlango wa jiko la mwanamke wa watu, akatengeneza bembea.

Mwambie huyo bwana: benchi lina miguu minne, na miguu yote inagusa ardhi kwa wakati mmoja. Miguu itanuliwe kidogo kwa chini, kama mtu anayesimama kwenye upepo. Katikati upite ubao wa kuifunga. Msumari peke yake hautoshi. Msumari ni ahadi, ulimi wa mbao ndio ndoa. Ubao ukatwe ulimi, mwenzake utobolewe tundu, viingiane.

Ni hayo.

Baba yako

Mkaguzi aliangukia upande gani? Zaïnabou ndiye anayeuliza.


Ambalafary
28 Machi 1980

Baba yangu mpendwa,

Kwezi! Umeandika! Bi Moinaecha ameniona nikiruka uani na barua mkononi, akaenda kumwambia Bi Echata kwamba mwalimu ameposwa. Mpaka jioni nilikuwa nimeshapongezwa na nyumba sita. Mwambie Ma Zaïnabou aliangukia upande wa kushoto, juu ya mfuko wa chaki, na aliondoka mweupe nyuma nzima.

Kuhusu yale mambo mawili uliyoyataja, nimesoma.

Barua yako nimeisoma mbele ya mkutano wa wazazi, nikiigeuza kwa Kisakalava cha huku sentensi kwa sentensi. Nilitaka kuruka pale penye "bembea", lakini Bi Echata alinishika: "Mwalimu, umemeza kitu. Kiteme." Nikakitema. Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Mzee Houmadi alisimama, akarekebisha kofia yake, akasema niandike haya bila kupunguza:

"Mwambie baba yako ngalawa zangu zina miaka ishirini majini na hakuna aliyezama. Yeye ana kabati lolote linaloelea?"

Nimeandika, baba. Mimi ni mjumbe tu.

Hata hivyo alikwenda kukata miguu minne, kama ulivyosema. Dawati la kwanza lilikwisha jana, na kwa kweli halitikisiki. Ila Mzee Houmadi alipima urefu kwa goti lake mwenyewe, na yeye ni mrefu kama mnazi. Tulipowakalisha watoto wa darasa la kwanza, walipotea. Nikaita majina, sauti zikajibu kutoka chini. Kilichoonekana juu ya meza ni utepe mwekundu wa Sittina mdogo, basi. Mwenzake alilala somo zima na sikujua mpaka alipokoroma.

Tufanyeje?

Hayrat wako


Mahajanga
20 Aprili 1980

Mwanangu,

Nimepokea salamu, nami nazirudisha kwako, kwa Bi Moinaecha, na kwa Bi Echata ambaye naona ana akili. Zaïnabou mzima. Mimi nilikohoa siku mbili, nikaacha.

Kabati linaloelea! Mwambie kabati langu haliendi majini kwa sababu lina adabu.

Sasa sikiliza. Dawati halipimwi kwa goti la fundi. Mtoto avue viatu, kama anavyo, akae juu ya kitu imara, na upime kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Hapo ndipo kikalio. Kisha akunje mkono, upime kiwiko. Hapo ndipo meza. Usipime mtoto mmoja ukadhani umepima wote. Nimekata vielelezo vya karatasi kutoka mifuko ya unga, kila kipande cha dawati kwa saizi tatu: wadogo, wa kati, wakubwa. Nimeviandika namba. Waviweke juu ya ubao, wachore kwa mkaa, wakate nje ya mstari, si juu ya mstari.

Karani wa meli ya mizigo atakuletea vielelezo hivyo pamoja na randa, nimeifunga kwenye kanzu yangu ya zamani. Randa hiyo ilikuwa ya babu yako. Asiishike mtu aliyetoka kula samaki bila kunawa.

Usinishukuru. Sipendi kufikiria watoto wakichomwa na vibanzi, ni hilo tu. Kazi huku bado ni nyingi.

Baba yako


Ambalafary
6 Mei 1980

Baba,

Kwezi, na samahani kwa mwandiko. Kiganja kina malengelenge ya kupiga randa, na moyo una furaha. Huku wote wazima. Mvua zimekatika. Bi Echata amepata mlango mpya wa jiko, kuku wamehuzunika.

Upimaji tuliufanya somo la hesabu. Watoto walipimana magoti na viwiko, wakaandika, wakajumlisha, wakagawanya. Kwa mujibu wa kundi moja, Sittina ana goti la mita tatu. Tukarudia. Kisha habari zikatoka nje, na kufika saa nne kulikuwa na foleni ya watu wazima mlangoni wanataka kupimwa. Bi Moinaecha alinyoosha mguu: "Nipime na mimi, huwezi kujua." Hawakuondoka mpaka nilipowapima wote.

Randa ilifika ikiwa salama. Mzee Houmadi alinawa mara mbili, kwa sabuni. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye chuma, akaipitisha mara moja tu kwenye ubao wa mfenesi, na ule uzi wa mbao ukatoka mrefu, mwembamba, umejikunja kama nywele. Aliuokota, akautazama kwenye jua. Kisha akasema, "Aliyeinoa hii si mtu wa maneno tu." Niandikie au nisiandike? Nimeandika.

Lakini bingwa wa randa si yeye, ni Bi Echata. Wanaume walikuwa wakisukuma wakasimama kupumzika. Yeye akaichukua, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuimba, na mpaka mchana alikuwa amelainisha mbao tisa. Sasa wanawake wamegawana siku. Wanaume wanakata, wao wanalainisha, watoto wanaokota vibanzi. Mtu akipita kutoka mashambani anaitwa kwa jina hadi aingie. Madawati kumi na moja yamesimama! Sijawahi kuona watu wakipigania kazi hivi.

Shida ni moja. Ndimi zinaingia kwenye matundu vizuri, lakini baada ya siku mbili tatu mbao zinakauka na miguu inaanza kulegea. Kuna siri hapo ambayo hatuijui. Tueleze haraka, baba, Juni si mbali.

Na jambo jingine. Randa hii naijua. Mpini umelika pale kinapokaa kidole gumba chako. Ndiyo randa yako kubwa, na sikumbuki uliwahi kuwa na nyingine. Kabati la milango mitatu unalifanyaje bila randa?

Hayrat


Ambalafary
27 Mei 1980

Baba yangu,

Kwezi. Wiki tatu sijapata neno kutoka kwako. Nimekwenda posta mara tatu kwa miguu, na karani sasa akiniona ananitikisia kichwa kutoka mbali, ananiokolea hatua. Unaumwa? Au ni swali langu la mwisho? Kama ni swali, lifute. Sikuuliza.

Madawati sasa ni kumi na tisa, na yote yanacheza. Huwezi kuamini watoto walivyobuni. Hakuna aliyewafundisha. Mmoja anaandika, mwenzake amepiga magoti chini anashika mguu wa dawati kwa mikono miwili. Nikisema "badilishaneni," anayeandika anashuka, aliyeshika anapanda. Imla yote tunaifanya hivyo. Wa Nosy Sakatia wanafika mapema kuliko wote ili waanze zamu ya kushika. Nikiwatazama nacheka, halafu nageukia ubao mweusi kidogo mpaka niweze kugeuka tena.

Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Hayrat


Mahajanga
2 Juni 1980

Mwanangu Hayrat,

Siumwi. Barua yako ya mwezi wa Mei, ile ya kuuliza siri, niliipata tarehe kumi na tano. Majibu niliyajua hata kabla ya kumaliza kuisoma. Sikuyaandika.

Kesho yake, Ijumaa, tukitoka msikitini, Youssoufa alinishika mkono. Unamkumbuka, yule niliyemtengenezea milango, siku hizi ni karani wa mambo ya walimu. Akanipongeza. "Nasikia Hayrat anarudi. Shule yake ikifungwa, nafasi yake iko tayari hapa Amborovy. Ameshaambiwa tangu Februari." Nilimjibu "inshallah" kama mtu anayejua.

Hukuniambia.

Nilirudi nyumbani, nikafagia chumba chako. Nikakaza mguu wa kitanda. Nikanunua shuka. Na kila nilipochukua kalamu nikuandikie ile siri, mkono ulisema: ukinyamaza tu, baba Hayrat, usipofanya lolote, mabenchi yatajiangukia yenyewe na mtoto atakuwa nyumbani kabla ya Ramadhani. Sikufanya ubaya wowote. Nilinyamaza tu. Nilinyamaza wiki mbili na nusu.

Leo imefika ile ya pili. Nimesoma habari ya mtoto aliyepiga magoti kushika mguu wa dawati ili mwenzake aandike. Nikaweka chakula pembeni. Anashika mguu ambao mimi najua dawa yake.

Ulichouliza nakujibu. Hakuna kabati. Hakuna vitanda. Waliokuwa wakiniagiza milango na masanduku ya maharusi waliondoka mwaka ule Wakomoro wenzetu walipohama, Fazul akiwa mmoja wao, na waliobaki wana milango. Karakana nimeifunga mwaka wa pili sasa. Nilikuandikia kabati kwa sababu sikutaka ujue umemwacha mtu asiye na kazi.

Siri ya ulimi haielezeki kwa barua, inaonyeshwa kwa mkono. Meli inaondoka Alhamisi. Barua hii naipeleka kwa ndege ya posta ikutangulie. Mwambie mchonga ngalawa asiguse kitu mpaka nifike.

Baba yako


Mahajanga
11 Juni 1980

Baba! Baba! Uko wapi?

Nauliza kwa utani, najua uko wapi. Uko Ambalafary, na mimi niko sebuleni kwako, nimekaa kwenye kiti chako, naandika juu ya meza yako. Kwezi!

Alhamisi ilikuja simu ya kuwaita walimu wa kaskazini-magharibi kwenye mafunzo ya wiki tano huku Mahajanga. Nikapewa nafasi kwenye ndege ya Ijumaa. Sikukuandikia, nikasema nitakushtukiza: nitabisha mlango, utauliza "nani?", nitasema "mtu wa kabati." Nikabisha. Nikabisha. Akatoka Ma Zaïnabou upande wa pili na bakuli la achari. Akaniona, akaliachia bakuli. "Wewe! Baba yako amepanda meli jana na sanduku la vyuma kwenda kwako!" Tukatazamana. Akaanza yeye kucheka, nikafuata, tukacheka tumeshikana pale mlangoni mpaka watoto wa mtaa wakaja kutazama. Watu wawili hawajaonana mwaka na nusu, siku wanayoamua kuonana wanapishana, mmoja juu angani na mwingine chini majini!

Ndani, baba, nimeona mengine. Nimefungua karakana kutafuta taa. Nimeona vumbi kwenye meza ya kazi, na buibui kwenye misumeno. Sitasema zaidi. Na nimeona chumba changu: kimefagiliwa, kuna shuka mpya. Ulijuaje kwamba nakuja? Nimejiuliza sana, sipati jibu.

Nami nina la kukwambia, na afadhali nilisemee nyumbani kwako kuliko kwingine. Tangu Februari nimeambiwa kwamba shule yangu ikifungwa nitahamishiwa Amborovy. Nilipotoka kiwanja cha ndege nilipita hapo hapo. Ina kuta za saruji na madawati ya rangi, na kutoka mlangoni kwako ni mwendo wa kutembea. Sikukwambia, kwa sababu nilijua ungeniambia nikubali, na nilijua ningekubali, na ningekuwa naota watoto wa Sakatia wamesimama ufukweni hawana pa kwenda. Basi nikaficha. Nikakuomba dawa ya madawati bila kukwambia kwamba dawa hiyo ndiyo itakayoniweka mbali nawe. Hilo si haki kwa baba. Nisamehe.

Wazazi wanaiangalia shule mpaka nirudi. Bi Moinaecha anasimamia kusoma, ingawa yeye mwenyewe hajui. Anasema atawajua wanaobabaisha kwa nyuso zao. Ukiweza, simama naye.

Hayrat wako, mlinzi wa nyumba yako


Ambalafary
30 Juni 1980

Mwanangu Hayrat,

Salamu kutoka kwa kila mtu. Nikiandika majina karatasi itakwisha. Ndani ya hii utakuta nyingine, ya tarehe mbili. Ni ile niliyoituma ikutangulie. Nilipokwenda posta kuulizia, karani alitazama jina, akatazama mwandiko asiouelewa, akanipa mimi. Nimeilipia nauli ya ndege ili nije kuipokea mwenyewe. Isome kwanza, kisha uendelee hapa. Utajua kwa nini shuka ni mpya, na utaona ni nani wa kumsamehe mwenzake. Mimi nimeshasamehe. Sijui wewe.

Umesoma? Haya.

Nilifika Jumamosi mchana, jua kali, nimebeba sanduku. Kwenye uwanja wa shule amesimama mtu mrefu mwenye kofia. Akasema kwa Kisakalava, "Wewe ndiye Kabati." Nikamjibu, "Na wewe ndiye Tumbo." Hatukupeana mkono. Aliniletea maji ya madafu, nikanywa, tukaingia kazini.

Siri ya ulimi ni kabari: unaupasua ulimi kwenye ncha, unatia kabari nyembamba, ukigongwa ndani unafura na hautoki tena. Nikawaonyesha. Walielewa mara moja, Bi Echata kabla ya wote. Lakini mbao zenu ni za kila namna, nyingine mbichi, nyingine zimeliwa, na kabari peke yake haikutosha kwa zote. Nilisimama nakuna kichwa. Houmadi akaondoka, akarudi na vijiti vya mti anaofungia mikono ya pembeni ya ngalawa. Akatoboa tundu kupita ulimi wote, akagonga kijiti. Unyevu ukiingia kinazidi kukaza. Nimekuwa seremala miaka arobaini, kitu hicho sikuwahi kukifanya. Usimwambie kwamba nimekiri. Nilimwambia tu, "Si mbaya."

Kwa siku kumi na tano tulifungua madawati kumi na tisa, tukayafunga upya, tukaongeza matatu. Asubuhi watoto wanasoma na Bi Moinaecha, ambaye kweli anawashika wanaobabaisha, sijui kwa uchawi gani. Mchana wananijia mimi. Wanaitana kupima pembe, wanagombania mkaa wa kuchorea. Sittina anakaa juu ya kila dawati likikwisha na kutangaza "limekubali" au "halijakubali". Mara mbili alikataa, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Mkaguzi akaja tarehe ishirini na nne, suruali nyeupe ile ile. Nikamwonyesha kiti. Akakitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Akasema atasimama. Bi Echata akamwambia, "Bwana, sisi tutakukalia." Akaita wenzake, wanawake watano, na hakuna mwembamba kati yao, wakajipanga juu ya dawati moja la watoto wawili. Halikutoa hata mlio. Mkaguzi akaomba dawati jingine, alichague yeye. Wakahamia hilo. Akachagua la tatu. Wakahamia, na sasa wanaimba. Kufika dawati la saba kijiji kizima kilikuwa ndani kinaimba, watoto juu ya madirisha, na mkaguzi, nakuapia, alikuwa anapiga kofi moja moja pembeni ya daftari lake. Mwisho akakaa. Polepole, ameshika meza kwa mikono miwili. Akaegemea kushoto. Akaegemea kulia. Kisha akaweka mguu juu ya mguu kama yuko kwake, akaandika.

Shule inabaki. Karatasi ninayo, imepigwa mhuri. Houmadi alinikumbatia mbele ya watu hata kofia yake ikaanguka. Tulicheza, mwanangu. Na goti langu lilicheza.

Amborovy ni karibu na mlango wangu, ndiyo. Lakini mlango wangu hauna mtu nyuma yake. Juzi wamekuja wazazi wa kijiji cha pili kuuliza kama tunaweza kuwafundisha kutengeneza madawati. Houmadi amesafisha banda lake, ameniachia nusu yenye kivuli. Ukirudi, niletee misumeno yote, patasi za kwenye droo ya chini, na kiti changu kama meli itakikubali. Ufunguo mwachie Zaïnabou, na mwambie achari nitaikosa.

Nimalizie la Jumamosi iliyopita. Wazazi walikutana kuchagua mwenyekiti mpya wa kamati ya shule. Mtu akataja jina langu, wengi wakashangilia. Akasimama bwana mmoja, mtu mwema, akauliza swali la haki kabisa: kanuni zinasema mwenyekiti awe mzazi mwenye mtoto katika shule hii, je, Fundi Mikidache ana mtoto hapa? Nikainuka kusema ana haki, kwamba mimi ni mgeni na nimefurahi kusaidia.

Houmadi akaniwahi. Akanyoosha kidole kwenye meza yako iliyo mbele ya ubao, ambapo chaki yako bado ilikuwa imelala, akasema:

"Anaye. Anakaa mbele kuliko watoto wetu wote."

Nilikaa chini, na benchi likanipokea.

Rudi salama.

Baba yako, na tangu Jumamosi mwenyekiti wako,
Mikidache